Mrejesho: kifurushi cha "usalama wa wahudumu wa afya" kinachouzwa hapa Arusha, nini ulipie na nini ukatae

Huu mrejesho ni wa wamiliki wa zahanati na vituo vya afya, mainchaji na mametroni wa Arusha, na nyie wa Moshi pia maana nasikia washaanza kugonga milango huko Majengo na Pasua. Kuna kampuni inauza kifurushi cha kuzuia vurugu dhidi ya watumishi wa afya. Jina silitaji, sitafuti kesi, ila ukiletewa proforma yenye vipengele vitano utajua ndo wao. Sisi tulilipa milioni 1 na laki 8, ndani yake kuna ukaguzi wa jengo, mafunzo kwa watumishi, vitufe vya dharura, mlinzi wa usiku kwa mwezi mmoja wa majaribio, na kitabu wanachokiita Mpango. Nisiwazungushe: ningeruhusiwa kununua kipande kipande ningechukua ukaguzi na nusu ya mafunzo, vingine wangebaki navyo.

Mi ni inchaji wa kituo cha afya binafsi upande wa Sakina. Tuna wodi, leba, maabara, famasi na kachumba kadogo ka upasuaji wa uzazi (theta). Usiku tunabaki wachache, wauguzi wawili, tabibu, mtu wa maabara, keshia, basi. Aliyewahi kushika zamu ya usiku mwisho wa mwezi hahitaji kuelezwa kwa nini tulinunua kitu kama hiki, bodaboda zimegongana huko barabarani saa saba usiku, majeruhi mmoja analetwa na watu kumi na tano nusu yao wametoka baa, kila mmoja daktari, kila mmoja anataka kuingia mpaka kitandani, na ukigusia habari ya PF3, ile fomu ya polisi ya kuruhusu majeruhi kutibiwa, au ya kufungua faili umeshakuwa adui wa taifa. Matusi hatuhesabu tena. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya watumishi wa afya wanapigwa wakati fulani katika maisha yao ya kazi, kupigwa hasa siyo kufokewa, na nilivyowasomea wenzangu hiyo namba kwenye kikao cha asubuhi hakuna aliyeshtuka, dada wa leba aliuliza tu kama kurushiwa beseni nako kunahesabiwa.

Haya, vitufe kwanza maana ndo walivitangaza kwa mbwembwe. Unapewa kitufe kidogo unavaa shingoni au unabandika chini ya meza, ukibonyeza kuna kipokeo ukutani kinalia. Kwenye proforma kimoja ni laki 1 na elfu 20. Jamani. Nilipofungua kile kipokeo kuweka betri nikakuta ni kengele ya mlango ya kichina, ile ile inayouzwa maduka ya umeme mjini kwa elfu 30 na kitu, wametoa stika wakaweka ya kwao. Mlio wake ni wa kindege! Muuguzi anakabwa huko ndani halafu kindege kinaimba mapokezi, dada wa famasi anageuka kuangalia simu ya nani inaita. Tulibadilisha mlio ukawa wa ving'ora kidogo lakini shida nyingine ikabaki, jengo letu kuta zake ni za tofali za zamani nene, ukiwa chumba cha mwisho cha wodi kitufe hakifiki. Na kipokeo ni cha kuchomeka kwenye soketi kwa hiyo Tanesco wakikata, na jenereta ikichelewa kuwashwa, ulinzi wako umelala. Nikawauliza, kijana wao akajibu eti tununue na yupiesi (UPS), ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Kwa hela gani sasa?

Mlinzi sitaongea sana. Alikuwa mzee mwema, ana rungu na filimbi, na alikuwa analinda geti. Ndo hivyo, geti. Alipewa maelekezo ya kuangalia vitu visiibiwe, hakuna aliyemwambia kwamba kazi aliyoletwa kwetu ni watu, kwa hiyo kelele zikianza ndani yeye alikuwa anafunga geti kwa nguvu zaidi, anatufungia na mwenye fujo humo humo. Siyo kosa lake. Ukiajiri mlinzi kwa ajili ya hospitali mkalishe mlango wa mapokezi, mfundishe kusalimia, mpe kazi ya kuhesabu ndugu wanaoingia.

Sasa kitabu. Hiki kitabu ndo kimenifanya niandike.

Ni kurasa sitini na kitu, jalada gumu, nembo yao juu. Mwanzoni nilifurahi maana kimepangika, kina hatua, kina fomu. Nikaanza kusoma usiku kwenye zamu. Ukurasa wa kumi na ngapi huko nakuta "piga 911". Nikasema labda ni kuteleza, sisi huku polisi ni 112. Nikaendelea, nikakuta watumishi wakimbilie eneo la kukusanyikia kwenye ghorofa ya maegesho ya magari upande wa kaskazini. Sisi maegesho yetu ni chini ya mjakaranda na yanaenea Noah nne kama madereva wanapendana. Mbele zaidi naambiwa tukio likitokea nipeleke taarifa Cal/OSHA ndani ya saa 24. Nikaweka chai pembeni. Cal/OSHA ni mamlaka ya usalama kazini ya jimbo la California huko Marekani! Hawa watu wamechukua mpango wa hospitali ya California, wakautia kwenye mashine ya kutafsiri, wakaweka nembo, wakatuuzia.

Ila sikukitupa, nikaanza kufuatilia hiyo kitu ilitoka wapi, na hapo ndo nilipata faida ambayo kampuni haikukusudia kunipa. Kumbe mwaka 2014 wauguzi wa California kupitia chama chao walisukuma muswada unaitwa SB 1299, ukapita, ukasainiwa mwaka huo huo, na kanuni zake zikaanza kufanya kazi 2017. Ukizisoma unaona zimeandikwa na watu wanaoijua wodi. Mzigo hazimwekei muuguzi, zinamwekea mwajiri. Hospitali lazima iwe na mpango wa maandishi, na mfanyakazi aweze kuupata muda wote, siyo umefungiwa kwenye kabati la mhasibu. Wafanyakazi wenyewe washirikishwe kuuandaa. Kila tukio liingie kwenye daftari la matukio ya vurugu hata kama hakuna aliyeumia, na kumbukumbu hizo zitunzwe miaka 5. Na ni marufuku mwajiri kumwandama mtumishi kwa sababu ametoa taarifa au ameita polisi. Hiyo ya mwisho niliisoma mara mbili.

Halafu kuna kipengele kinachowaumbua hawa wauzaji wetu: kanuni zinataka mpango uendane na hatari za kitengo husika, yaani leba ina yake, mapokezi yana yake, wodi ya wagonjwa wa akili ina yake. Kwa hiyo sheria waliyoinakili yenyewe inakataza kunakili. Niliwaambia hivyo kwenye simu, kukawa kimya, halafu nikaambiwa nitapigiwa na bosi.

Msidhani Marekani nzima iko hivyo lakini. Kuna mbunge wao wa jimbo la Connecticut, Joe Courtney, amekuwa anapeleka muswada wa kufanya hiyo kitu iwe sheria ya nchi nzima kwa watumishi wa afya na wa ustawi wa jamii. Baraza la Wawakilishi liliupitisha Novemba 2019 kwa kura 251 kwa 158, likaupitisha tena Aprili 2021 kwa kura 254 kwa 166, mara zote ukafia Seneti. Na siyo kwamba hawana takwimu, ofisi yao ya takwimu za kazi ilionyesha kuwa mwaka 2018 asilimia 73 ya majeraha yasiyoua yaliyotokana na vurugu kazini yaliwapata watu wa afya. Asilimia 73, na bado mtu anasema tutaangalia. Kwa hiyo muuguzi wa California ana daftari linalomlinda, mwenzake wa jimbo jingine inategemea jimbo lake limeamua nini.

Wengine wameenda njia ya kifungo. Uingereza mwaka 2018 walitunga sheria ya kuwaadhibu wanaowashambulia watumishi wa dharura, manesi na madaktari wamo, adhabu ikawa mpaka mwaka mmoja jela, 2022 wakaipandisha miaka miwili. India 2020 kwenye korona walirekebisha sheria yao ya magonjwa ya mlipuko ya tangu 1897, ukimjeruhi vibaya mtumishi wa afya unaweza kula mpaka miaka 7. Sawa, vizuri. Lakini Agosti 2024 daktari kijana aliyekuwa kwenye mafunzo aliuawa ndani ya hospitali huko Kolkata, usiku, akiwa amejipumzisha kwenye ukumbi wa semina katikati ya zamu ndefu. Madaktari wakagoma nchi nzima, na Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ikaunda jopo la kuangalia usalama wa watumishi hospitalini. Jela inakuja baada ya mtu kuumia. Chumba cha kupumzikia chenye komeo kinakuja kabla. Mi niko upande wa komeo.

Turudi nyumbani, maana kwenye mafunzo mwezeshaji mmoja alituambia kwa kujiamini kabisa kwamba Tanzania hakuna sheria ya kumlinda mhudumu wa afya. Nikanyoosha mkono. Sheria maalumu ya watu wa afya sawa, hatuna kama ile ya California, ila kusema hakuna kabisa ni kuwafanya watu wakubali kupigwa. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, ile ambayo watu wa OSHA, wakala wetu wa hapa Tanzania wa usalama kazini, wanakuja nayo kukagua, na inambana mwajiri ahakikishe usalama wa mfanyakazi wake. Kweli ukiisoma inanukia kiwandani zaidi, mashine, moto, kemikali, na wakaguzi wakija kwetu wanaangalia mitungi ya kuzimia moto na kichomea taka, hakuna anayeuliza nani alipigwa mwezi uliopita. Tuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 241, shambulio la kudhuru mwili, hadi miaka mitano jela, na haijaandikwa popote kwamba ukiwa umevaa gauni jeupe haikuhusu. Na tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mwajiri anauchangia asilimia 0.5 ya mishahara kila mwezi. Watumishi wengi wanadhani huo mfuko ni wa watu wa migodini. Ukivunjwa mkono na ndugu wa mgonjwa ukiwa zamu, umeumia kazini, mwajiri anatakiwa apeleke taarifa.

Na kuna Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ulipitishwa Geneva Juni 2019 ukaanza kutumika Juni 2021, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini. Uzuri wake unahesabu mpaka ukatili unaohusisha watu wa nje ya ajira, kwa lugha yetu wateja na ndugu zao. Pendekezo lililokuja pamoja nao linataja kabisa sekta zilizo kwenye hatari zaidi, kazi za usiku, kazi za mtu kuwa peke yake, afya. Soma tena hizo tatu halafu mfikirie mkunga wa zahanati ya kijijini Hai au Longido aliye peke yake saa nane usiku. Mwezeshaji aliandika kwenye kijitabu chake, akasema asante dada. Angalau.

Mafunzo yenyewe ni siku mbili na yana sura mbili. Siku ya kwanza alikuja kijana mmoja wa judo. Mkakamavu, mcheshi, anatufundisha mtu akikushika mkono unazungusha kiwiko hivi unamgeuza unambana chini. Sawa chalii wangu, lakini muuguzi wetu wa usiku ana kilo 48 na mshipa wa mgongo unamsumbua tangu anyanyue mgonjwa kwenye machela, na anayemkaba ni dereva wa lori. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka na kupiga picha. Siku ikaisha, soda na sambusa zikaliwa. Hiyo ni hela imepotea.

Siku ya pili alikuja mama mmoja muuguzi mstaafu, miaka mingi wodi ya wagonjwa wa akili. Jina lake simtaji maana sikumuomba ruhusa. Huyu mama alikaa kwenye kiti, hakusimama hata, akaanza kutuuliza tusimulie. Kisha akawa anatuonyesha palipoharibika. Usisimame mbele ya mtu uso kwa uso kama mnataka kupigana, simama kiupande kidogo na umwachie nafasi ya urefu wa mkono na zaidi. Usikae ukamziba mlango, wala yeye asikuzibe. Stetoskopu na kamba ya kitambulisho toa shingoni kabla hujamsogelea mtu mwenye hasira. Usimwambie "tulia", hajawahi kutulia mtu kwa kuambiwa tulia, muulize anaitwa nani na mgonjwa wake ni nani kwake. Na usiseme "subiri daktari anakuja" kama hujui anakuja saa ngapi, sema yuko theta, nitarudi kukupa taarifa hata kama hakuna jipya, na kweli urudi. Alisema fujo nyingi alizoziona zilianza kwa mtu aliyekaa kwenye benchi muda mrefu bila kuambiwa kitu, mgonjwa wake kaingizwa ndani, mlango umefungwa, kila anayepita na gauni jeupe anamkwepa macho.

Hapo akaingilia mkunga wetu mkubwa, mama wa Machame, akasema yeye silaha yake ni shikamoo. Hata akiwa mtu wa rika lake mwenye hasira, anamwamkia kama mkubwa, "shikamoo baba", na yule akishaitikia marahaba sauti inashuka yenyewe, ni vigumu kumpiga mtu uliyemwitikia marahaba sekunde tatu zilizopita. Watu wakacheka ila yule mstaafu akasema andikeni hiyo. Akaongezea ndugu wakija wengi usibishane na wote, uliza mkubwa wao ni nani, mpeleke pembeni umkalishe, yeye ndo aende kuwaambia wenzake. Huku kwetu hiyo inafanya kazi kweli kweli, watu wanakuja ukoo mzima lakini akiongea mzee wanasikia. Kwenye kile kitabu cha California haimo na wala isingeweza kuwemo.

Ukaguzi pia aliufanya yeye, na hapa ndo thamani ya hela. Hakuja mchana, aliomba aje saa mbili usiku, akavaa koti lake akakaa kwenye benchi la mapokezi kama mgonjwa, akakaa tu. Baadaye akazunguka na mimi. Dirisha la malipo: keshia amekaa kwenye kachumba kenye mlango mmoja, na mlango huo unafungukia kwenye foleni, yaani anayemkasirikia ndo yuko mlangoni pake. Meza ya muuguzi wa wodi: imewekwa kona, kiti ukutani, ukikaa huna pa kutokea. Stendi za dripu za chuma zimeachwa koridoni, akasema hizo ni rungu za bure mmewawekea. Mkasi wa kukatia bandeji uko juu ya toroli mchana kutwa. Taa ya kwenda choo cha wagonjwa imeungua, na muuguzi wa usiku ndo anapita hapo kwenda stoo. Akauliza chumba cha kupumzikia kinafungwa kwa ndani? Hakifungwi, komeo lilikufa zamani likasahaulika.

Matengenezo yote yalitupeleka kwa fundi wa Kwa Mrombo kwa laki mbili na ushee, mlango wa pili wa keshia ukiwemo. Yaani kilichotusaidia zaidi kiligharimu chini ya vitufe viwili vya kindege.

Na kilisaidia, siyo stori. Haikupita muda mrefu akaletwa mama mjamzito anavuja damu, tukamwanzishia huduma, tabibu akaamua apelekwe hospitali ya Mount Meru haraka. Shemeji yake alikuwa amekunywa, akaelewa kwamba tunamfukuza kwa sababu ya hela. Akavamia dirisha la malipo, akang'oa kioo, akaanza kuingia kwa keshia. Kitufe kililia, naambiwa kililia vizuri tu, ila keshia alishatokea mlango wa nyuma kabla mtu hajajua kinalia nini. Yule bwana akamgeukia muuguzi koridoni akamshika gauni shingoni na kumpiga kofi. Stendi ya dripu haikuwepo karibu. Mzee wa familia ndo aliyemvuta, yule yule tuliyekuwa tumemkalisha pembeni nusu saa nyuma tukamweleza kila kitu. Mama alifika Mount Meru, alipona na mtoto pia.

Asubuhi ndo vita yenyewe. Mwenye kituo akaja, akasikiliza, akasema yaishe, mteja ni mteja, tukienda polisi mtaa mzima utasema tunafunga wagonjwa. Hii lugha naijua, iko kila mahali, binafsi na kwingine, muuguzi anapigwa saa saba usiku, saa mbili asubuhi anaulizwa yeye alimjibu vipi mteja. Nikamfungulia kile kitabu, kurasa chache ambazo zina maana, nikamwonyesha pale pasemapo mwajiri asimwandame aliyeita polisi. Akasema hiyo ni Marekani. Nikamwambia sawa, basi kifungu cha 241 ni cha Dodoma. Akacheka kwa hasira, akatoa ruhusa. Muuguzi akaenda kituoni, akachukua PF3, ile ile ambayo kila wiki anatukanwa kwa kuiuliza, akarudi nayo akahudumiwa na mwenzake, taarifa ikaandikwa. Familia ikaja na wazee kuomba msamaha na kulipa kioo. Muuguzi mwenyewe ndo aliamua kukubali, hakuamuliwa na mtu, hiyo ndo tofauti niliyoitaka.

Sa hivi tuna daftari. Daftari la kawaida la kaunta, tumechora mistari kwa rula: saa, mahali, nani alikuwepo, kilianzaje, nani aliumia, tumebadilisha nini. Matusi nayo yanaingia. Baada ya muda ukilifungua unaona kitu ambacho hakuna mtaalamu wa nje angekuambia, matukio mengi yamejazana kwenye saa ya kukabidhiana zamu, pale ambapo wa mchana washabeba mikoba, wa usiku bado wanahesabu dawa, na koridoni hakuna mtu wa kumjibu ndugu. Tukapanga mmoja wa mchana abaki nusu saa zaidi, kazi yake moja tu, kuongea na waliokaa kwenye benchi. Anapunguziwa nusu saa ya kuingia kesho yake. Haina proforma hiyo.

Kwa hiyo kampuni nawapa nyota mbili na nusu, ningewapa moja kama siyo yule mama. Kitabu nimewarudishia na barua, nimewaambia waandike kingine baada ya kukaa kwenye leba zetu na siyo kabla, wamesema wanakifanyia kazi. Hela ya vitufe wamekataa kurudisha, wanasema stika imeshabanduliwa. Vitufe vyenyewe tumevihamishia kwa wagonjwa waliolazwa wamwite nesi, na kwa hiyo kazi kwa kweli viko poa, kindege tumekirudisha.

Wakija kwako usisaini kifurushi kizima hata wakikwambia bei ni ya ofa mpaka Ijumaa. Sema unataka ukaguzi wa usiku na siku ya pili ya mafunzo, uliza nani hasa atakuja kufanya, na omba kuongea naye kwenye simu kabla ya kutoa senti. Ukimpata yule mama lipa bila kubishana. Akija chalii wa judo peke yake mpe chai, apumzike, aende zake.